Kaa Sawa Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutumia Gari na Mifumo Yake ya Usalama

Gari la siku hizi lina mkanda unaojikaza wenyewe, lina eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), lina breki za ABS zinazozuia magurudumu yasifunge, na kompyuta inayolizuia lisiteleze. Bado watu wanaumia vibaya ndani ya magari hayo hayo, na mara nyingi kifaa hakikuwa kibovu. Mkanda ulipita tumboni. Kiti kilikuwa kimelazwa nusu kitanda. Dereva aliachia breki pale pedali ilipoanza kutetemeka, akidhani imeharibika.

Mifumo hii yote imepimwa kwa mtu aliyekaa vizuri. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na vitufe. Unaanza na makalio yako na kiti.

## Andaa hivi kwanza

- Kitabu cha gari lako. Kama kimepotea, watengenezaji wengi huweka nakala kwenye tovuti zao. Tafuta kwa jina la modeli na mwaka wake kamili.
- Geji ya kupimia upepo wa matairi.
- Rula au utepe wa kupimia.
- Kitambaa safi cha kufutia vioo.
- Funguo zote mbili, pamoja na ile ya akiba unayoisahau kabatini.
- Viatu unavyoendeshea kila siku. Kiti kikipimwa ukiwa na ndala, hakitakufaa ukivaa buti.
- Mtu mmoja wa kukusaidia kuangalia taa.

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, zima injini. Hatua nne za mwanzo zinafanyika gari likiwa limezimwa.

## Hatua ya 1: Kiti na usukani

Sukuma makalio hadi nyuma kabisa, mgongo ugusane na kiti bila uwazi kiunoni. Kanyaga klachi hadi mwisho; kwenye otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu. Sogeza kiti mpaka goti libaki limekunjika kidogo hata pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ulionyooka hauwezi kusukuma breki kwa nguvu zote, na gari likigonga, msukumo hupanda moja kwa moja hadi kwenye nyonga.

Pandisha kiti uone barabara vizuri juu ya dashibodi, lakini ibaki nafasi ya ngumi moja kati ya kichwa na dari.

Sasa mgongo wa kiti. Mabega yakiwa yameegemea, nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kitue kwenye ukingo wa juu. Ukifika kwa vidole tu, uko mbali. Mkono ukipita kifundo, umesogea mno.

Chukua rula. Kutoka katikati ya usukani hadi mfupa wa kidari kuwe na angalau sentimita 25. Eabegi hufumuka haraka kuliko kupepesa jicho, na inahitaji nafasi ya kujaa kabla mwili haujaifikia. Anayeikumbatia karibu hupigwa na kifaa kilichokuja kumwokoa. Kama wewe ni mfupi na huwezi kufikia pedali bila kusogea, rudisha mgongo wa kiti nyuma kidogo, pandisha kiti, kisha elekeza usukani kifuani badala ya usoni.

Mikono ikae ubavuni mwa usukani, mmoja kushoto na mwingine kulia, katikati ya kimo chake. Mkono uliolazwa juu ya honi utarushwa usoni mwako eabegi ikifumuka.

Kabla hujaendelea, inama utazame zulia la miguuni. Lifungwe kwenye ndoano zake na lisipandane na jingine. Zulia lililoteleza hukwama juu ya pedali ya mafuta, na chupa ya maji iliyobingirika hukwama chini ya breki.

Utajua umefanikiwa pale utakapokanyaga breki kwa nguvu zote bila makalio kuteleza, na kuzungusha usukani bila mgongo kuachana na kiti.

Tahadhari: usirekebishe kiti wala usukani gari likiwa linatembea. Kiti kikiteleza nyuma ghafla, mguu unaiacha breki.

## Hatua ya 2: Mkanda na mto wa kichwa

Hapa ndipo makosa ni mengi kuliko popote, na ndipo tiba ni rahisi kuliko popote.

Kipande cha chini cha mkanda kipite juu ya mifupa ya nyonga, pale mapaja yanapoanzia. Kisipande tumboni. Nyonga ni mfupa mgumu unaohimili. Tumbo ni ini, wengu na utumbo. Kipande cha juu kipite katikati ya mtulinga na kushuka kifuani. Kikikata shingo au kikining'inia kwenye ncha ya bega, tafuta kitelezi kwenye nguzo ya mlango ukipandishe au ukishushe. Magari mengi yanacho.

Ukishachomeka, vuta kipande cha juu kuelekea juu ili ulegevu wa kiunoni uishe. Koti nene lifungue vifungo kwanza. Mkanda uliojisokota unyooshe, kwa sababu ukisokotwa nguvu yote hupita kwenye mstari mwembamba.

Mjamzito avae mkanda vilevile, kila safari. Kipande cha chini kikae chini ya tumbo, cha juu kipite kati ya matiti na pembeni mwa tumbo.

Kuna watu hupitisha mkanda chini ya kwapa. Kuna wanaochomeka kipini kitupu ili mlio wa kengele unyamaze. Wa kwanza anaikabidhi ajali mbavu zake. Wa pili anabaki na eabegi peke yake, kifaa kilichobuniwa kifanye kazi pamoja na mkanda. Na abiria wa nyuma asiyefunga mkanda ni mzigo utakaorushwa mgongoni mwa aliyekaa mbele.

Jaribu mkanda wenyewe: uvute kwa ghafla, unapaswa kukwama. Uachie, unapaswa kurudi wote. Usipokwama au ukisuasua kurudi, peleka kwa fundi. Mkanda uliowahi kuzuia mtu katika ajali kubwa ubadilishwe hata kama unaonekana mzima.

Mto wa kichwa si wa kulalia. Kazi yake ni kuzuia shingo isivunjikie nyuma gari likigongwa kwa nyuma. Ukingo wake wa juu uwe sawa na utosi, na uwe karibu na kisogo, sentimita 5 hivi au pungufu. Bonyeza kitufe kwenye shina la chuma, pandisha, kisha usikie *tak* ukiingia kwenye pengo lake. Ukandamize kwa kiganja, ukizama, haujakamata.

Tahadhari: abiria wa mbele anayelaza kiti safarini anaondoa mkanda kifuani mwake. Gari likigonga, mwili hupenya chini ya mkanda na kamba huishia tumboni au shingoni. Mwambie ainuke, au mhamishie nyuma akiwa amekaa wima.

## Hatua ya 3: Watoto na eabegi ya abiria

Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye eabegi iliyo hai. Eabegi itakipiga kiti hicho mgongoni, palepale kilipo kichwa cha mtoto, na pigo hilo linaweza kuua. Soma kibandiko kwenye kizuia jua cha abiria. Onyo limeandikwa pale.

Mahali pa watoto ni nyuma. Kama hakuna njia nyingine, baadhi ya magari yana swichi ya kuzima eabegi ya abiria, mara nyingi ubavuni mwa dashibodi ukifungua mlango. Ukiizima, taa ya kuonyesha imezimwa ibaki inawaka. Mtu mzima akirudi kukaa hapo, iwashwe tena. Hili la pili ndilo linalosahaulika.

Kiti cha Isofix, yaani kiti cha mtoto kinachojifunga kwenye gari lenyewe bila mkanda, kina ndoano mbili zinazoingia kwenye vyuma vilivyofichwa kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha nyuma. Ingiza vidole utavigusa. Sukuma hadi alama zote mbili ziwe za kijani, kisha funga mkanda wa juu au mguu wa kiti kama kinavyo. Kikiwa kimefungwa kwa mkanda wa gari, kishike pale mkanda unapopita ukitikise: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5.

Mtoto aliyekuwa mkubwa kuliko kiti hicho bado anahitaji kiti cha kumwinua mpaka mkanda wa gari umkae nyongani na mtulingani. Sheria za nchi nyingi huweka kikomo hicho kati ya sentimita 135 na 150 za urefu. Mwisho, washa kufuli la watoto, kile kiswichi kilicho kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, kisha ujaribu kufungua ukiwa ndani.

## Hatua ya 4: Vioo

Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma bila wewe kusogeza kichwa.

Vya pembeni, wengi huviweka vionyeshe nusu ya ubavu wa gari lao wenyewe. Ubavu huo unaujua tayari. Unachohitaji kuona ni njia ya pili. Sogeza kichwa hadi kikaribie dirisha lako, kisha rekebisha kioo cha upande huo mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo tu ukingoni. Halafu inamisha kichwa hadi katikati ya gari, ufanye hivyohivyo kwa kioo cha upande wa abiria. Ukikaa wima, ubavu utakuwa umetoweka, na siku mbili za mwanzo utajiona kipofu. Vumilia.

Jaribio ni hili: gari linalokupita litoke kwenye kioo cha ndani na kuingia cha pembeni bila kupotea katikati. Hata hivyo pikipiki hujificha popote, kwa hiyo geuza shingo kabla ya kuhama njia.

## Hatua ya 5: Washa umeme, soma dashibodi

Usiwashe injini bado. Zungusha ufunguo hadi ON. Kwenye gari la kitufe, mara nyingi ni kubonyeza mara mbili bila kugusa breki. Taa nyingi za onyo zitawaka pamoja: ABS, eabegi, injini, oili, betri. Gari linajipima. Washa injini, na baada ya sekunde chache zote za onyo zizimike, isipokuwa ya hendibreki.

Tazama kwa makini ile ya eabegi, mtu aliyekaa na duara mbele yake. Isipozimika, mfumo una hitilafu na eabegi huenda isifumuke. Lakini isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, hasa kwa gari la mkononi: huenda kuna aliyeitoa au kuiziba ili mnunuzi asijue eabegi zilishafumuka na hazikurudishwa. Lifanyie ukaguzi huu kabla ya kutoa hela.

Ukiwa safarini, rangi ndiyo inakuambia cha kufanya. Nyekundu: simama mahali salama mapema iwezekanavyo. Njano: endelea kwa uangalifu, pita kwa fundi. Kijani na buluu ni taarifa tu. Ila nyekundu hazilingani:

- Birika la oili: zima injini mara tu unaposimama. Shinikizo la oili limeshuka, na injini isiyo na oili hujisaga kwa dakika chache.
- Joto la injini: simama, zima, subiri ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yana shinikizo na yatakuunguza uso.
- Betri: haichajiwi. Zima AC na redio, elekea kwa fundi. Umeme uliobaki una kikomo.
- Breki: angalia kwanza kama hendibreki imeshuka yote. Kama imeshuka na taa bado inawaka, usiendeshe.

Na moja ya njano inayostahili heshima ya nyekundu: taa ya injini inayopepesa. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye eksozi na kuharibu kisafisha moshi, kifaa cha gharama kubwa. Punguza mwendo na usilisukume gari.

(Kwa kuwa uko hapo: karibu na alama ya pampu ya mafuta, magari mengi yana pembetatu ndogo. Inaonyesha upande ulipo mfuniko wa tangi.)

## Hatua ya 6: Upepo wa matairi

Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko kwenye nguzo. Hicho ndicho kipimo chako, cha mbele na cha nyuma, na mara nyingi kuna safu ya pili ya gari lililojaa mzigo. Namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linahimili, si kiasi cha kujaza.

Pima matairi yakiwa baridi, yaani gari limekaa saa tatu au zaidi. Tairi la moto husoma juu. Ukipunguza upepo hapo, likipoa litakuwa limepungukiwa. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, kama geji yako haisomi kipimo kilicho kwenye kibandiko.

Usingoje taa ya upepo ikukumbushe, kwani mifumo mingi huwaka tairi likiwa limeshapoteza kama robo ya upepo wake. Pima kila mwezi, na usisahau spea. Spea nyembamba ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Nyingi zimeandikwa ubavuni kikomo cha kilomita 80 kwa saa.

## Hatua ya 7: Gia, kuegesha na mteremko

Kwenye otomatiki, herufi P hulishika gari kwa kipande kidogo cha chuma ndani ya gia. Ukiegesha kwenye mlima kwa P peke yake, uzito wote unaning'inia hapo. Utaratibu sahihi: shikilia breki ya mguu, weka N (gia huru), vuta hendibreki, achia breki ya mguu taratibu gari likalie hendibreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Siku ya kuondoka utaona gia inatoka P laini, bila ule mshindo wa *gong*.

Kushuka mteremko mrefu, usiishi juu ya breki. Rudi gia ndogo, au kwenye otomatiki weka L, 2, B au M kulingana na gari lako, injini ilizuie. Breki zilizochemka hunuka, kisha mafuta yake yanachemka na pedali inazama hadi sakafuni. Na kuteremka na N ili kuokoa mafuta hakukuokolei kitu: injini za kisasa hukata mafuta zenyewe ukiwa ndani ya gia na mguu umeachia.

Pedali ya mafuta ikikwama: weka N, kanyaga breki kwa nguvu na usipampu, toka barabarani, simama, ndipo uzime. Ukipampu huku injini inanguruma, breki hupoteza msaada wa nguvu na pedali inakuwa jiwe.

Betri ya rimoti ikifa, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Magari mengi huitambua hivyo. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma wa mlango. Utoe leo, uujaribu, usingoje siku ya mvua.

## Hatua ya 8: Jizoeze ABS kabla hujaihitaji

Hii haisomeki, inafanywa. Tafuta uwanja mpana usio na watu wala magari, ardhi ngumu. Toa vitu vyote vinavyoweza kuruka ndani ya gari, weka boksi tupu uwanjani mbele ya gari, funga mkanda.

Nenda kilomita 40 kwa saa. Ukikaribia boksi, piga breki ghafla kwa nguvu zako zote, shikilia hapo hapo, na uzungushe usukani kulikwepa. Pedali itatetemeka chini ya soli na utasikia *krrr*. Huo ndio mfumo unaofanya kazi: unaachia na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasifunge, na gurudumu lisilofunga bado linafuata usukani.

Mara ya kwanza, karibu kila mtu huachia mguu pedali inapotetemeka. Rudia mpaka mguu usiogope. Umefaulu ukilipita boksi na kusimama huku ungali umekandamiza. Kama hukusikia mtetemo, hukukanyaga vya kutosha.

Tahadhari: ABS haifupishi kila breki. Kwenye changarawe au mchanga uliolegea inaweza hata kuurefusha umbali wa kusimama. Inachokupa ni uwezo wa kukata kona huku umefunga breki. Na kupampu breki kulifaa magari yasiyo na ABS. Ukipampu hili unaivuruga.

Taa ya gari linaloteleza ikipepesa, mfumo wa kuzuia utelezi unakusaidia, punguza mwendo. Ikiwaka moja kwa moja, umezimwa au umeharibika. Uzime kwa makusudi ukiwa umenasa kwenye matope au mchanga tu, kwa kuwa hukata nguvu ya injini kila gurudumu linapozunguka bure. Ukishatoka, uwashe.

## Hatua ya 9: Taa na kioo cha mbele

Mweke msaidizi wako nyuma ya gari ujaribu taa moja moja. Tatizo la siku hizi ni taa za mchana za mbele, zinazowaka zenyewe. Dereva anaona mwanga mbele na dashibodi imewaka, kumbe nyuma kuna giza totoro, kwani kwenye magari mengi taa hizo haziwashi za nyuma. Giza likiingia, zungusha swichi mwenyewe, au uweke AUTO uhakikishe inafanya kazi.

Kigurudumu chenye 0, 1, 2, 3 karibu na usukani hupanga kimo cha taa. 0 ni juu kabisa. Ukipakia mzigo kwenye buti ya nyuma ya gari, pua ya gari inanyanyuka, basi ongeza namba ili usiwapofushe wanaokuja.

Kioo kikifanya ukungu, washa AC pamoja na joto, elekeza upepo kiooni, na uzime kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Pumzi zenu ndizo zinazotia ukungu. Hewa ile ile ikizunguka, ukungu hauishi.

## Hatua ya 10: Mifumo inayoendesha nusu

Kruzi (inayoshikilia mwendo bila mguu kwenye pedali), kamera ya njia, breki zinazojifunga zenyewe: washa mmoja mmoja, ujue mlio na alama ya kila mmoja kabla ya kuingia barabara kuu. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, na hapo si mahali pa kujiuliza ule mlio ulikuwa wa nini.

Kruzi ya kawaida usiitumie mvua ikinyesha au barabara ikiteleza. Mguu ubaki karibu na breki hata kwa ile inayojipima umbali, maana baadhi ya mifumo hiyo haiitambui gari iliyosimama mbele wakati wewe uko kasi.

Kamera hukaa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha ndani. Rada mara nyingi iko nyuma ya nembo au bampa. Kifute kioo hapo kwa kitambaa, usibandike stika mbele yake. Kioo cha mbele kikibadilishwa, au bampa ikigongwa na kurudishwa, muulize fundi kama kamera na rada zimepimwa upya. Zikipinda hata kidogo, gari litaona njia pasipo na njia, na huenda taa ya onyo isiwake.